Kipimatuo cha Kalunde

Kipimatuo hakikuwa na kelele. Kilishuka taratibu kutoka darini, kikamkaa mgonjwa kichwani kama kofia, kikatupa miale hafifu machoni na kuhesabu mboni ilipo mara elfu moja kila sekunde. Kioo cha ukutani kilichora kwa vitone tuo la jicho, yaani namna linavyokaa juu ya kile linachokitazama. Hakuna jicho linalotulia kabisa, lakini vitone vya jicho zima hujikusanya kama konzi ya ulezi. Jicho goigoi, lile ambalo ubongo umelisusia tangu utotoni, humwaga vyake ovyo.

Tabora nzima ilijivunia mashine hiyo, na watu walitoka Kigoma kwa treni ya sumaku, dakika ishirini na tano tu, kuja kupimwa. Aliyeiunda, Mhandisi Kalunde, siku hizo hakuwa na habari na sifa. Wivu ulikuwa ukimtafuna mzima mzima.

Mumewe, Mihayo, alizaliwa na makengeza. Jicho lake la kushoto lilikwenda njia yake, na kwa kutotumika likawa goigoi. Kliniki alikofanya kazi mkewe ilikataza mtu kumtibu wa kwake, kwa hiyo mazoezi ya jicho alifanyishwa na Nyamizi, mtaalamu kijana, mara tatu kwa wiki. Nyumbani ikawa Nyamizi kasema hivi, Nyamizi kacheka vile. Jamani, mtu ale ugali wake na jina la mwanamke mwingine mezani! Kalunde alimeza, akameza, hadi siku ilipomshinda.

Alhamisi asubuhi, Nyamizi akiwa likizo, alimketisha mumewe chini ya mashine.

"Leo unanipima wewe?" Mihayo alishangaa. "Na sheria yenu je?"

"Tulia, baba Shija. Ni picha mbili tu."

Ya kwanza aliiweka yake mwenyewe, ile ya siku ya harusi, kwa kuwa mke mwenye nyumba hatanguliwi na mtu. Ya pili ikawa ya Nyamizi. Juu ya sura ya Kalunde vitone vilitapakaa, vikakimbilia pembeni, vikarudi, vikakimbia tena. Juu ya sura ya Nyamizi vilitulia tuli.

Kalunde alikinyooshea kioo kidole.

"Kumbe! Akufukuzaye hakwambii toka," alisema. "Jicho lako limenikimbia mbele yangu mwenyewe. Sema leo, Mihayo, siku hizi unamtazama nani?"

Mihayo alijitoa chini ya mashine polepole. Alikitazama kioo.

"Jicho lipi?" aliuliza.

Kalunde aligeukia kioo kumwonyesha, ndipo akakumbuka. Pale kliniki, jicho goigoi hupimwa kwanza kwa sababu huchoka upesi, kisha jicho zima. Hata mwanafunzi wa wiki moja alilijua hilo. Yeye mwenyewe ndiye aliyeifunza mashine kuziba jicho zima kwenye picha ya kwanza na kubadilisha kizibo kwenye ya pili. Kwa kiburi cha kujitanguliza, sura yake ilikuwa imeangukia jicho gonjwa.

"Kizibo," alisema, akijichekesha kwa aibu. "Nimesahau kizibo, mume wangu. Si wewe, ni utaratibu wa mashine. Njoo nikupime upya."

Mihayo hakucheka. Hasira Kalunde angeipokea, hata matusi. Lakini mumewe alizungumza kwa upole, na hilo lilimwogopesha zaidi.

"Shuleni waliniuliza, mama Shija. Kazini wakaniuliza. Baba yako siku ya posa, mbele ya wageni, aliniuliza: kijana, unamtazama nani? Wewe miaka kumi na mitatu hujawahi kuniuliza. Nilikuoa kwa ajili hiyo."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe," alisema, akachukua koti lake.

Mlangoni aligeuka. Tangu siku waliyojuana, Kalunde hakuwahi kuhangaika na uso ule. Macho yake yalijua yaende wapi. Sasa alilitazama jicho la kulia, akahamia la kushoto, akarudi la kulia, asijue ni lipi linalomtazama yeye.

Mihayo aliona. Akafunga mlango.