Upande wa Ukutani

Majani ya upande wa ukutani yalitoka yamenyooka, ilhali hakuna mtu aliyelala upande huo.

Mzee aliyafunua magazeti taratibu, akayatazama. Mtaani walimwita Mzee Gundi, kwa kuwa yeye na mkewe walikula kwa picha za kubandika: majani makavu, maua, manyoya ya ndege, maganda ya mbegu, chochote ambacho msimu umekiangusha. Hawakuchuma, waliokota. Walichookota walikitia katikati ya magazeti na kukilaza chini ya godoro, kwa sababu godoro lililolaliwa na watu wawili ni pasi isiyodai mkaa wala umeme. Mume alilala upande wa mlango, mke upande wa ukutani.

Mume alikuwa na mwili. Kila alipojitupa kitandani godoro lilibonyea, na mkewe akateleza mpaka mgongoni kwake, akilalamika kwamba ameolewa na bonde. Mume alimjibu asilaumu bonde, alaumu maji yanayolifuata. Utani huo waliuzeesha pamoja.

Mwaka wa mwisho ugonjwa ulimla mke hadi akawa mwepesi kama kitambaa kilichoanikwa. Majani ya upande wake yakaanza kutoka yamejikunja kama vikombe vidogo. Siku moja aliweka moja kiganjani, akacheka, akasema hata majani hayamhesabu tena kuwa mtu. Mume hakucheka.

Walikuwa na picha moja isiyo ya kuuza. Ubao mrefu, mti mmoja, misimu minne. Masika mkewe aliijaza majani ya kijani yaliyopigwa na mvua yakaanguka kabla ya wakati. Kipupwe alikifunika ukungu wa petali nyeupe na manyoya ya njiwa. Vuli aliiwekea maua madogo ya njano, akiyabandika amekaa kitandani, mito mitatu mgongoni. Nafasi ya kiangazi, ambapo mti ulipaswa kupukutisha, ilibaki tupu, maana vuli ilipokatika naye alikatika. Sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Hakuna la kuongeza hapo.

Kiangazi kilipoingia, mzee aliokota majani na kuyalaza pande zote mbili za godoro, kama mkono ulivyozoea. Alipoinua pembe ya ukutani, upweke ulimkaba. Akasema kwa sauti, peke yake chumbani, "Njoo ulale upande wako, tumalize kazi yetu."

Wiki haikuisha, yakatoka yamenyooka.

Hakumwambia mtu. Alilaza mengine, nayo yakanyooka zaidi, yakawa membamba kama ngozi ya kitunguu. Kisha ikaja harufu. Nje ardhi ilikuwa imepasuka na visima vinakwanguliwa tope, lakini kitandani, kwenye mto wa pili, ambao haukuwa umebadilishwa foronya tangu msiba, palinuka majani yaliyolowa siku nyingi mahali pasipofikiwa na jua. Baada ya harufu ikaja sauti: mchakacho mdogo chini ya godoro, kama wa mtu anayegeuka kwa uangalifu asimwamshe mwenzake.

Mzee aligeuzia uso mlangoni, akaanza kusoma moyoni aya anazozijua, akaziachia njiani. Hiyo ndiyo ilikuwa siri yake. Aliziachia njiani kwa makusudi, kwa kuhofu kwamba akizimaliza, kitu kile kitaondoka.

Binti yake, aliyebaki pale tangu mazishi ili amwangalie, aliona mambo mengine. Aliona baba ametoboa tundu jipya kwenye mkanda, kisha jingine. Akamuuliza, "Baba, unakula au unatembeza kijiko tu?"

"Nakula. Kosa ni la mpishi."

Binti alicheka kwa kumridhisha, kisha akaenda jikoni kulia.

Adhuhuri moja, joto limewafungia watu majumbani na mtaa mzima uko kimya, mzee alijilaza kidogo baada ya sala. Pazia halikutikisika. Alikuwa baina ya usingizi na macho aliposikia godoro likibonyea upande wa ukutani, polepole, kama gunia linalojazwa mchanga, kidogo kidogo bila kukoma, na mwili wake mwenyewe, uliokuwa bonde la kitanda hiki kwa miaka yote ile, ukaanza kuteleza, bega kwanza kisha nyonga, kuelekea kule, na alipojaribu kushika ukingo wa kitanda vidole havikuwa na nguvu ya kushika kitu, na harufu ya majani yaliyooza ikamjaa puani mpaka mgongo wake ukagusa kitu cha baridi, na kitu hicho kikakohoa, kikohozi cha mkewe, kile kikavu cha alfajiri.

Akafumba macho. Hakukimbia.

Kesho yake binti aliingia chumbani kubadilisha mashuka, akainua godoro lote. Alirudi sebuleni na magazeti mawili, akayafunua mezani mbele ya baba yake. Majani ya upande wa ukutani yalikuwa bapa kabisa. Ya upande wa mlango yalikuwa yamejikunja kama vikombe vidogo.

"Haya bapa yamelaliwa na nani?" aliuliza.

Mzee akanyoosha pembe ya gazeti.

"Baba. Mama asingeweza kuyanyoosha hivi. Hata alipokuwa mzima."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu yale ya kwanza." Aliyagusa yaliyojikunja, yake mwenyewe, kwa ncha ya kidole. "Kitanda kile ni kipana, mwanangu."

Binti akavuta kiti, akakaa karibu naye. "Nimeshazika mara moja mwaka huu," alisema kwa sauti ya chini. "Usinirudishe makaburini."

Wakamwita maalim, mtu wa rika la mzee, ambaye walisali safu moja kwa miaka. Alinusa mlangoni, akavua viatu, akauliza kama kuna aliyekikaribisha kitu humu. Mzee akamrudia maneno aliyoyasema peke yake chumbani. Maalim hakumkaripia. Alisema maiti haitwi kazini, na aliye kaburini yuko mikononi mwa Mola wake. Ila wapo wapitao njia, wenye njaa, na nafasi iliyokaribishwa kwa mapenzi kwao ni mlango wazi. Mzee aliuliza jambo moja tu: kama ndicho kilichomla mkewe. Maalim alitazama chini, akasema hilo Mungu ndiye ajuaye.

"Mimi nitasoma," alisema mwishowe. "Lakini kukitoa utakitoa wewe. Panda ulale upande wa ukutani."

Tangu msiba mzee hakuwahi hata kuuegemea upande ule kwa hiari yake. Alipanda kwa magoti, kama anayeingia mahali pa mtu, maalim akaanza kusoma, binti akashikilia mlango uwe wazi, na mzee alipojilaza penye alama ya mkewe uzito ukamshukia kifuani, baridi na majimaji, ukimkandamiza kama jani gazetini, na chini yake majani yakachakacha kwa pamoja ingawa binti alikuwa ameyaondoa yote asubuhi ile, na pumzi ikamfikia sikioni, ikakohoa, ikacheka kicheko kile kile cha mtu aliyeweka jani kiganjani, na moyo wake ukatamani, Mungu amsamehe, ukatamani kabisa kunyamaza na kunyooka. Akamwona binti yake mlangoni. Safari hii aya aliifikisha mwisho. Kisha akasema:

"Mke wangu amekufa. Wewe sikujui."

Uzito ukanyanyuka. Kitu kilitembea sakafuni, hatua za kukanyaga majani makavu, kutoka kitandani hadi mlangoni. Binti alihisi unyevu ukimpitia miguuni. Kisha uani. Kisha hakuna.

Maalim aliagiza majani bapa yachomwe. Hayakushika moto upesi; yalitoa moshi kama kuni mbichi mpaka jioni.

Mzee alisubiri mwili umrudie kidogo, tundu moja la mkanda. Alihamia chumba cha pili, akaacha kitanda kile kitupu, akalaza majani upande wa ukutani bila kusema neno. Alipoyatoa yalikuwa yamejikunja, yote. Alikaa nayo mapajani akalia kuliko alivyolia mazishini, kwa sababu sasa ilikuwa kweli kwamba hapakuwa na mtu.

Akayabandika vivyo hivyo chini ya mti, katika nafasi ya nne. Binti alimwambia yatadondoka, gundi haishiki vizuri jani lililojikunja.

"Yakidondoka nitaokota mengine," alisema mzee. "Kiangazi kitarudi."

Ubao uko sebuleni. Upepo ukiingia dirishani, yale majani huchakacha. Mzee huacha anachofanya, huinua kichwa kidogo kuelekea chumba kile, husikiliza. Kisha hukumbuka kwamba ni majani tu.