Dozi ya Loth

"Inama, Adela. Gusa vidole vya miguu. Usiogope."

Adela akainama mbele ya ukumbi mzima, akagusa, akasimama wima. Makofi yakapigwa. Wataalamu wa fiziotherapia kutoka Rukwa nzima walikuwa wamekuja Sumbawanga kwenye semina ya Loth, bingwa wa maumivu sugu, na binti huyu ndiye aliyekuwa ushahidi wake. Kwa miaka mingi mgongo ulimnyima hata kushika jembe.

"Ahsante. Kapumzike nje, unywe chai."

Adela akatoka akitabasamu peke yake. Alikuwa na sababu. Asubuhi Loth alimtumia ujumbe: "Mpenzi, leo vaa vizuri. Jumapili mshenga anakuja kwenu." Kwao ulezi wa pombe ya wageni ulishalowekwa. Ndoa hiyo ndiyo iliyokuwa furaha yake yote.

Hakujua kwamba spika moja ya ukumbi ilikuwa imefungwa huko huko nje.

"Sasa siri ya kazi," sauti ya Loth ikavuma. "Mgonjwa wa maumivu sugu hafanyi mazoezi kama hana cha kutarajia. Huyu nilimpa. Nilimwambia nitamwoa."

Watu wakacheka.

"Na mtoto wa watu akijua?" akauliza Mama Kristiana, mkongwe wa kazi kutoka Namanyere.

"Nitamwambia wazazi wangu wamekataa. Mama, mgongo umepona, haujapona?"

"Umepona, lakini..."

"Basi! Mchumba wangu Lydia huyu hapa mbele, anajua kila kitu. Si ndiyo, mama watoto?"

"Ndiyo," Lydia akajibu huku akicheka. "Wivu wa nini? Ile ni dozi tu."

Dozi! Jamani, kuna watu wamezaliwa na mioyo lakini hawaitumii.

Kikombe kikamponyoka Adela. Akarudi ndani. Hakumtazama Loth hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja kusimama mbele ya Lydia.

"Dada, samahani. Wewe ulipokutana naye mara ya kwanza, ulikuwa unaumwa wapi?"

Kicheko cha Lydia kikakatika.

"Lydia, usimjibu! Huyu amechanganyikiwa!" Loth akafoka.

"Shingo," Lydia akasema polepole.

"Ilipona lini?"

"Wiki aliyonivisha pete."

Lydia akamgeukia mwanaume wake.

"Loth, harusi yetu ni lini? Mbona kila nikiuliza unasema mwakani?"

"Mpenzi, haya tutaongea nyumbani..."

"Nyumbani kwa nani?"

Akaivua pete, akaitupa juu ya meza, kisha akaanza kulia mbele za watu wale wale aliocheka nao.

Adela hakungoja. Alishika njia ya kwao kwa miguu, akipanda mlima huku analia kwa sauti. Njia nzima aliomba mgongo umuume. Alitaka maumivu yarudi, apate kusema kwamba yule mwanaume alimdanganya kila kitu. Haukumuuma. Alifika nyumbani mzima kabisa, amenyooka, na mama yake alipomwona kwa mbali anavyotembea, asiyaone machozi, akatoka jikoni akimpokea kwa vigelegele.