Bomba ya Benwari ya Amisi

Bomba ilianza kuvuja na benwari iko kavu. Hapo ndipo Mwasiti alishituka, wajukuu wangu.

Benwari, lile beseni refu la wazungu la kulala ndani unaoga, mume wake Amisi aliikuta mu nyumba ile ya karibu na ziwa, hapa Rumonge, alipoinunua kwa Mugiriki mwaka wa uhuru. Kila siku akitoka swala ya adhuhuri alioga humo, anakohoa, anaita sabuni. Halafu mwaka wa 1972, mwezi wa tano, watu wa bunduki wakamupandisha mu kamyo na wanaume wengine. Hakurudi. Mwasiti akafunga mulango wa bafu, akakataa kukaa eda. Mume hajafa, eda ya nini? Sahani yake alikuwa anaiweka bado.

Sasa miezi tatu imepita, na kila nyuma ya adhuhuri maji inatona chini ya benwari. Tone. Tone.

Akamuita Alimasi, fundi wa bomba, rafiki ya Amisi, mwenye pia anaoshaka maiti pale musikitini.

"Shemeji," Alimasi alisema, amelala chini na ufunguo wake wa kukazia bomba, "huyu Mugiriki aliwauzia benwari ama kichujio?"

"Funga bomba. Maneno utapeleka sokoni."

Alimasi akazungusha nyuzi za katani pale penye kuungia, akapaka rangi ya kuzibia, akakaza. Ikavuja. Akakata kipande, akatia kipya. Ikavuja. Maji yenyewe ilikuwa ya vuguvugu. Alimasi akanusa kidole.

"Ulinunua kafuri?"

"Kafuri ni ya maiti. Ninunue ya nini?"

Ndipo ndani ya bomba mutu akakohoa, pole pole, vile mutu anakohoa akiwa peke yake bafuni, na maji ikatikisika bila mukono, na harufu ya kafuri ikapanda ikajaa chumba mpaka macho ikawauma, na sauti ikatoka kule chini kabisa: "Mwasiti, mbona maji inachelewa?"

"Ni jini," Mwasiti alinong'ona. "Soma, shemeji. Uifukuze."

"Nimesoma tangu nimelala hapa. Jini ingekwisha kutoka. Huyu anangoja kuoshwa."

"Mume wangu iko muzima."

"Kuosha mutu mwenye hatumuone, sheikh atanigombeza. Lakini bila weye kukubali, siwezi hata kujaribu."

Mwasiti akatoka. Akarudi na ndoo ya maji.

"Upashe kidogo," alisema. "Anaogopa maji baridi."

Alimasi akaosha benwari tupu, upande wa kuume kwanza, anainua mukono mwenye hauko, anaulaza, anainua mwingine, na mara ya tatu, wajukuu wangu, ule mukono ukawa na uzito, ukamulemea kweli kweli, naye hakuuacha mpaka akaulaza vizuri.

Akapangusa bomba. Kavu.

Mwasiti akavua bangili, akakaa chini, akamulilia mume wake.

Halafu ndani ya bomba mutu mwingine akakohoa. Kikohozi kizito cha muzee. Nyuma yake mwingine, kijana.

Alimasi akarudisha mikono kifuani. "Shemeji... kuko wengine."

Mwasiti akajipangusa uso, akainua ndoo.

"Waulize majina," alisema. "Miye naenda kuteka maji."