Uso wa Kwenye Bango

Duka la rangi Jumamosi asubuhi halina mkubwa wala mdogo. Watu wamebanana, huyu kashika bomba, yule mfuko wa misumari, muuzaji anaitwa kutoka pande nne na mikono anayo miwili tu. Katikati ya msongamano huo alisimama Brashi, kopo la rangi nyekundu kwapani, mfuniko haujakaa vizuri. Jina la Brashi alipewa na mtaa, kwa sababu mabango karibu yote ya pale yalitoka mkononi mwake: la bucha, la kinyozi, mpaka la shule ya chekechea. Basi akageuka kumjibu mtu, kopo likainama, tone likaruka na kutua kwenye gauni jeupe.

Gauni lenyewe la kitambaa chepesi, limebana kiunoni, limeachia chini. Mwenye nalo dada mrefu, kasuka mistari myembamba inayopanda mpaka utosini, mkononi koki ya sinki.

"Kaka," akasema taratibu, "hili gauni leo ndiyo nalizindua."

"Samahani sana dada yangu. Nitalifua."

"Rangi ya mafuta unaifua na nini, machozi?"

"Basi nilipake lote jekundu, lifanane."

Foleni nzima ikacheka. Yeye alijikaza, lakini mdomo ukamsaliti.

"Zaidi ya kuchafua watu, una kazi nyingine?"

"Nachora mabango."

"Vizuri. Saluni yangu haina bango. Ukilichora likapendeza, gauni nimelisamehe. Lisipopendeza, utalivaa wewe."

Alilichora siku tatu, bango ambalo mtu mwingine angelimaliza asubuhi moja. Sasa Brashi alikuwa na ugonjwa wake wa kazi, na mafundi wenzake walimtania nao: mkono wake ulijua uso mmoja tu wa mwanamke. Miaka yote ulikuwa wa mama yake. Muuguzi kwenye bango la zahanati, mama yake. Bibi harusi kwenye bango la mapambo, mama yake na shela. Tangu siku ya lile gauni, mkono ukahama. Mwanamke wa bango la saluni akawa yule dada mwenyewe, ambaye mtaa ulimwita Msusi, nyusi zake, kidevu chake, na kile kicheko anachokibana. Aliyefuata wa duka la sabuni, Msusi. Wa mashine ya kusaga, Msusi.

"Shoga," mwenzake wa saluni, waliyemwita Redio kwa sababu hazimi, alimwambia Msusi, "jana nimekuona unasaga unga, leo unauza sabuni. Utapumzika lini?"

"Mwambie fundi wa mabango anipe likizo."

Na simu je. Brashi akiwa juu ya ngazi, simu begani, brashi mdomoni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula ahadi zako, nimevimbiwa."

"Shuka basi uje ule cha kweli."

"Nikishuka nani atamalizia hii herufi? Watu watasoma 'Buch'."

"Watakula hivyohivyo. Njoo, baba."

Akimwita baba, Brashi anashuka.

Mwezi wa tano wa mapenzi yao Brashi akamwambia anataka kumpeleka kwa mama yake. Msusi akasema, "Njoo Jumapili mchana tukishafunga. Kabla sijaingia kwa mama wa mtu kuna jambo ulijue."

Jumapili ile alimkuta anaosha vitana, maji ya sabuni mpaka kwenye viwiko. Hakukaa. Alisema huku anaosha. Kwamba akiwa na miaka kumi na tisa, anajifunza kusuka kwa mtu, alipata mimba. Mwanaume alikuwa na mke wake, akapotea kama chumvi kwenye maji. Akaenda, akaitoa. Basi. Akakung'uta kitana, akakiweka juani.

Brashi alihisi kama ngazi imeteleza. Maana yeye alikuwa na hadithi yake, na alilelewa nayo. Mama yake alimbeba akiwa na miaka kumi na saba, ukoo mzima ukamwambia toa, mama akakataa, akafukuzwa, akamzaa kwenye chumba cha kuazima. Kwa Brashi hiyo haikuwa hadithi. Ndiyo sababu yeye anapumua.

"Mimi ningekuwa hiyo mimba," akasema.

"Mpenzi, hukuwa."

"Lakini ningekuwa."

"Na mimi ningekuwa mama wa mtoto wa miaka sita, bila kazi, niko jikoni kwa shangazi naosha vyombo vya watu. Tukianza na ningekuwa, hatulali."

"Hujutii?"

"Namjutia yule mwanaume. Naujutia ujinga wangu. Lile lenyewe, hapana. Ningerudishwa siku ile leo, ningefanya vilevile."

"Hata chozi huna."

Akageuka, akamtazama. "Unataka nilie ndiyo uniamini?"

"Sitaki kitu. Nimekuelewa."

Hakuelewa hata nukta. Kilichofuata ni simu za kukatikakatika. "Umekula?" "Nimekula." "Haya." Kwa mama hawakwenda. Msusi hakuuliza, maana aliyeambiwa ndiye mwenye jibu, na yeye alishasema lake.

Siku ya tisa akaja Mama Mwenyekiti, kiongozi wa kikundi cha akina mama cha mtaani, mtu mwema, tena wa kweli, kila mjamzito asiye na kitu alikuwa anamjua. Alitaka bango kubwa la kusimama pale mzunguko wa barabara kuu. Mwanamke amekaa chini, mikononi ana shuka la mtoto halina mtoto, analia. Maneno alikuja nayo mwenyewe kwenye karatasi: ANGEKUWA DARASA LA KWANZA SASA.

"Awe wa kuumiza, mwanangu," akasema. "Anayekwenda kutoa akimwona, arudi nyumbani."

Brashi akachora. Bega likaja, shingo ikaja, na uso ukaja wenyewe bila kuitwa. Nyusi zile, kidevu kile. Na machozi. Machozi aliyachora kwa brashi nyembamba kabisa, moja moja, na kila moja akaliwekea doa jeupe ling'ae. Alipomaliza akarudi nyuma hatua nne. Tusidanganyane, aliona. Kitambaa cha kufutia kilikuwa mkononi, rangi bado mbichi, kazi ya dakika mbili. Akajiambia, mbona mabango yote ni yeye, nani atashangaa. Akanawa mikono.

Bango likasimamishwa Jumatatu. Saa nne Redio akaingia saluni, na siku hiyo kwa mara ya kwanza alikuwa amezima. Akamwita Msusi nje, wakaenda wakaona, wakarudi. Mbali na Brashi, Redio ndiye mtu pekee duniani aliyeijua siri ile.

Msusi akapiga simu.

"Nimeliona bango lako."

"Mpenzi, nisikilize. Mkono tu. Unajua mkono wangu. Nakwenda kulifuta sasa hivi."

"Usiliguse." Sauti ilikuwa tulivu, ile ya siku ya gauni. "Watu wamezoea kuniona. Watacheka leo na kesho, keshokutwa wana mambo yao. Liache kama lilivyo. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Sema hutaligusa."

"Sitaligusa."

Na kweli mtaa ulicheka tu. "Msusi, naona leo wamekuliza," alisema muuza maji. "Wamenikatia vitunguu," akajibu, wakacheka wote. Ingeisha hivyo. Aliyeshindwa ni Brashi. Hakula, hakulala, kila akipita pale mzunguko yale machozi yanamtazama. Jumatano, saa sita kamili, watu wametoka makazini kwenda kula, barabara imefurika, akapandisha ngazi, akafungua kopo la rangi nyeupe, akaufuta uso mbele ya macho ya mji mzima. Mwili aliuacha, na shuka, na maneno. Uso tu ndio ukawa mweupe.

Mtu akifuta, watu wanauliza anafuta nini. Mpaka anashuka ngazini, jibu lilishafika sokoni. Kama siyo yeye, mbona mchumba wake kapanda juani kumwondoa? Kwa hiyo ni yeye. Kwa hiyo ni kweli.

Alasiri shangazi yake Msusi, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne, alifika saluni na kanga begani, akasimama mlangoni.

"Niambie watu wanasema uongo, nikawajibu."

Angesema tu uongo, yangekwisha. Lakini dada yule alikuwa na kilema kimoja, hawezi kudanganya mtu anayempenda.

"Shangazi, wanasema kweli."

Shangazi akajishikiza mlangoni. Hakutukana. Alisema, "Nyumbani kwangu ulikuwa unalala chumba kimoja na mimi," akaondoka. Na mteja aliyekuwa kwenye kiti, kichwa upande mmoja kimesukwa upande mwingine kimesimama kama ufagio, akainuka, akajifunga kitambaa, akasema amekumbuka ana wageni. Alikwenda nyumbani na nusu kichwa. Ilibidi Redio acheke, na akicheka akawa analia.

Brashi alikimbilia kwa mama yake. Mama alikuwa kwenye cherehani, anapindia suruali, akamsikiliza mpaka mwisho mguu haujatoka kwenye pedali.

"Nilichukia, mama. Nilikumbuka wewe ulivyokataa."

Cherehani ikasimama.

"Mimi sikukataa, mwanangu. Nilikwenda. Yule mwanamke aliyefanya kazi hizo alikuwa amesafiri, amefiwa. Nilikaa mlangoni kwake mpaka jioni, nikarudi. Wiki ile tumboni ukacheza. Sikwenda tena."

"Mbona uliniambia..."

"Ulikuwa mtoto. Mtoto hupewa hadithi ya kumlaza." Akaitoa suruali kwenye sindano, akakata uzi kwa meno. "Namshukuru Mungu kila siku kwa safari ya yule mwanamke. Kila siku, nikikuona unaingia hapo. Ila huyo binti simtupii jiwe. Yeye alikuta mlango wazi, mimi nilikuta umefungwa. Ndiyo tofauti yetu."

Siku mbili Brashi alitembea na maneno hayo. Yalimgeuza mengi, lile moja hayakuligeuza. Bado aliona ni kosa. Akiliangalia huku na huko, bado kosa. Ila sasa alijua anampenda aliyelitenda na anampenda aliyetaka kulitenda, na hakujua afanye nini na mapenzi yote hayo. Ijumaa asubuhi akaenda saluni.

Alimkuta Msusi amevaa suruali ya kazi na fulana ya mikono mirefu, anazungushia nyaya draya. Viti vilishatoka. Mji wa pili, mwendo wa nusu siku, kulikuwa na mama anayehitaji msusi.

"Usiende," akasema Brashi. "Nakuoa. Leo ukitaka. Mama mwenyewe amesema hakutupii jiwe."

"Mama amesema. Na wewe?"

"Na mimi."

"Unaonaje nilichofanya?"

Angeweza kudanganya, lakini safari hii hakutaka. "Bado naona ni kosa."

"Mimi bado naona sikukosea." Akalaza draya kwenye boksi. "Unajua, kwa hilo tungeishi. Shangazi na marehemu mjomba hawakukubaliana jambo miaka thelathini, hata namna ya kukunja shuka, na alimzika kwa kulia. Kaa hapo. Nina swali moja tu, unijibu kama ulivyonijibu sasa hivi."

Brashi akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Uso, naamini ulikuja wenyewe. Mkono wako naujua. Lakini yale machozi nimeyaangalia kwa karibu. Yana madoa meupe. Hayo hayaji yenyewe. Ulipokuwa unayachora ulitaka nini?"

Nje muuza maji alipita anapiga kengele yake. Kengele ikaenda mpaka ikapotea, Brashi bado anatafuta neno zuri, na neno zuri halikuwepo.

"Nilitaka ulie," akasema.

Msusi akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa mzigo alioutarajia.

"Nililia," akasema. "Miaka miwili. Kwenye mto wa shangazi, mdomo umeziba asisikie. Ulitaka nikuchukulie machozi yale nikuletee kama risiti? Nilikuambia kwa macho makavu kwa sababu nilidhani wewe ndiye mtu ambaye kwake sina haja ya kulia."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe, baba." Akalisema lile neno kama zamani, na hapo ndipo Brashi alipojua yamekwisha. "Ila nikilala ubavuni kwako, nitakuwa nawaza unanichoraje. Siwezi kuzeeka hivyo. Nishikie upande huo wa boksi, ni zito."

Akamshikia. Walilibeba pamoja mpaka kwenye gari la mizigo, yeye mbele anarudi kinyumenyume, Brashi anamwelekeza, "Jiwe hapo, kushoto kidogo, haya." Redio alikuwa amekaa mbele kwa dereva, amegeukia upande wa pili. Msusi akapanda, gari likaondoka.

Miezi saba Brashi alijizuia. Wa nane, mchana mmoja, yuko juu ya ngazi, akapiga.

"Haloo," akasema Msusi. Nyuma yake draya zinavuma, wanawake wanacheka.

"Ni mimi."

"Najua. Namba ninayo."

"Hujambo?"

"Sijambo. Una shida?"

"Sina. Nilitaka kujua kama umekula."

Draya zikaendelea kuvuma. Hakukata, na Brashi hakukata. Alishika ngazi kwa mkono mmoja, akafumba macho, akamsikia anavuta pumzi kama anayetaka kusema kitu kirefu. Kisha sauti ya mteja, karibu na simu, ikauliza, "Nani huyo, dada?"

"Hamna mtu," akasema Msusi. "Inamisha kichwa."

Na simu ikakatika.