Jina la Ubatizo Ambalo Sikuliomba

"Mwanangu, umeshachagua jina?"

Simu nilikuwa nimeibana kwa bega, mikono yote miwili imeshika karatasi. Aliyepiga ni mama wa mchumba wangu, mama aliyeimba kwaya kanisani miaka thelathini.

"Jina la nani, Mama?"

"Lako, la ubatizo. Padri anataka kuliandika kabla ya Jumapili."

Mimi ni Muislamu, binti wa mwalimu wa madrasa. Nikavuta kiti nikakaa.

"Mama, nani kakuambia nabatizwa?"

"Si wewe mwenyewe? Mwezi mzima unanipigia. Mara kuzamishwa, mara kumwagiwa maji, mara kwa nini wanabatiza hata vichanga. Nikamuuliza mwanangu, 'Mwenzio anataka kuingia?' Akasema, 'Mama, mambo mazuri hayataki haraka.' Nikamshukuru Mungu, nikapeleka kitambaa cheupe kwa fundi."

"Mama, nitakupigia."

Ngoja niwaeleze, msije mkaniona punguani. Mimi na mchumba wangu ni wasahihishaji katika kiwanda cha kuchapa vitabu. Mwezi ule tulikuwa na kitabu cha shule kinacholinganisha dini: kila dini na safu yake, inavyosali, inavyooa, inavyozika. Na kwetu kuna sheria moja. Husahihishi safu ya dini yako, kwa sababu jicho linapita juu ya kitu lilichokizoea. Kwa hiyo mimi nikapewa Ukristo na Uhindu, mwenzangu Mkristo akapewa Uislamu na Ubudha. Nikikwama nampigia mama yake. Yeye akikwama anakwenda kwa baba yangu. Tuliona tumepata walimu wa bure.

Mchumba wangu kazini wanamwita Nukta, maana nukta ikikosekana mwisho wa sentensi hapati usingizi. Nikamwandikia:

"Njoo stoo ya karatasi. Sasa hivi."

"Kuna nini?"

"Mama yako ananishonea gauni la ubatizo."

Akasoma. Kisha: "Nakuja."

Alipoingia sikumpa hata nafasi ya kuegemea.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Na baba yangu je? Au yeye kabaki salama?"

Akaanza kunyoosha pembe za karatasi ambazo zilikuwa zimenyooka tayari.

"Baba yako anadhani nasilimu Ijumaa."

Nikacheka, kile kicheko cha mtu aliyeishiwa.

"Nilimuuliza kama kwenu ndoa ni mkataba au ibada," akasema. "Kwetu ni sakramenti, nilitaka kuona tofauti. Akanieleza saa nzima. Mwisho akasema, 'Kwa hiyo Ijumaa, mwanangu?' Nikamjibu inshallah."

"Unajua baba yangu akisikia inshallah anaelewa nini?"

"Najua. Lakini sikumdanganya mtu. Niliacha tu."

"Nukta, wewe kazi yako ni kutokuacha. Koma ikipotea ukurasa wa mia mbili hata chakula cha mchana huli. Kosa hili umelitazama wiki tatu, halafu ukaliruhusu liende mtamboni."

"Niliogopa. Nikimwambia Mzee sisilimu, nakukosa. Nikimwambia mama hubatizwi, ananuna mpaka nizeeke. Nikasema acha, huenda mmoja atalegea."

"Mmoja nani?"

Akarudi kwenye pembe za karatasi.

"Yaani mimi."

"Ndiyo. Wewe."

Hapo ndipo iliponichoma. Mambo ya gauni na Ijumaa ningeyameza. Lakini mwanaume ninayempenda kukaa pembeni akisubiri nichoke kuwa mimi, hilo liliniumiza, na nilimwambia hivyo hivyo.

"Nisamehe," akasema.

"Bado. Kwanza niambie. Ukiitamka shahada Ijumaa, utakuwa unaiamini?"

Akaziacha karatasi, akaketi juu ya rundo moja.

"Nimesoma safu zote," akasema. "Wabudha wanasema mateso yanatokana na kung'ang'ania, nikaona wamenisema mimi. Kwenu mtu anasimama mwenyewe mbele ya Mungu, hakuna wa katikati, nikaona hilo nalo zito. Wahindu wa kwenye safu yako, bwana na bibi harusi wanapiga hatua saba mbele ya moto, kila hatua na ahadi yake. Nilipenda. Lakini tumbo likinikata, ninayemwita ni Yesu. Sipangi. Linatoka lenyewe."

"Basi hapo ndipo ulipo."

"Na wewe?"

"Mimi nikishtuka nasema Subhanallah. Safu yenu ina yule baba wa mwana mpotevu, anayemkimbilia mwanawe kumsamehe kabla hajaombwa. Ilinibidi niweke kalamu chini. Lakini sikuhama."

"Sasa tunafanyaje?"

"Unakwenda kusahihisha. Kwa baba, leo, kwa mdomo wako. Mama yako namwambia mimi, maana maswali niliuliza mimi."

"Baba yako akinikataa?"

"Atakukataa. Na bado utakwenda."

Mama mkwe nilimpigia palepale. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe nilikuwa nakiombea kitabu," akakata simu. Siku tisa hakupokea simu ya mtu.

Kwa baba tulifika baada ya swala ya alasiri. Alikuwa barazani, miwani puani, anakagua madaftari ya wanafunzi wake. Nukta hakukaa.

"Mzee, nimekuja kukuambia kwamba sisilimu. Shahada naijua herufi kwa herufi. Lakini kwangu itaishia mdomoni. Nilipaswa kukuambia siku ile."

Baba akavua miwani.

"Ungeisema Ijumaa, ningekuozesha Jumamosi. Na nisingejua."

"Ndiyo, Mzee."

"Sasa siwezi kukuozesha."

"Najua."

"Haya. Kunywa chai, uende."

Akanywa akiwa amesimama, akaaga kwa adabu, akaondoka. Baba akaniangalia.

"Na wewe una lako. Litoe."

"Baba, nataka kuolewa naye. Kwa msajili wa ndoa."

"Unajua kwetu ndoa hiyo haihesabiki."

"Najua, na sikubishii. Kama ni kosa, nitalibeba mwenyewe, na swala zangu siachi. Ila kukuletea mtu amdanganye Mungu mbele yako kwa ajili yangu, hilo lingenishinda."

"Na watoto mtawaambia nini?"

"Kila tunachokijua. Bila kuwaficha."

Akafungua daftari, akalifunga.

"Nilitaka nikuozeshe kwa mkono wangu," akasema. "Tangu uko mdogo."

Nililia pale barazani mpaka kwikwi. Yeye hakunifukuza wala hakunibembeleza. Alikaa tu hadi nikanyamaza, akaingia ndani kutawadha.

Ndoa ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, na wazazi wote tulikuwa tumewapelekea habari. Ofisi ya msajili ina meza moja, kabati la majalada na mabenchi mawili mafupi. Tulikuja na mashahidi wawili wa kazini, wakakaa benchi la mbele. Msajili alikuwa anatafuta kalamu inayoandika, mlango ukafunguliwa. Baba, na kofia yake ya swala.

"Sikuja kuozesha," akasema. "Nimekuja kukaa."

Akaenda benchi la nyuma. Nukta akanishika mkono. Dakika mbili hazijapita, mlango tena. Mama yake, mkoba kifuani, uso umevimba kwa kununa. Hakumsalimia mtu. Akatazama huku na huku, nafasi ilikuwa moja tu. Akakaa kando ya baba.

Msajili akaanza kusoma. Mimi masikio yalikuwa nyuma.

"Nyinyi kwenu," mama akanong'ona, "mtoto akishupaa hivi, mnafanyaje?"

"Tunamwombea dua."

"Na asiposikia?"

"Tunazidisha. Kwenu je?"

"Hivyo hivyo."

Baba akakohoa kidogo.

"Sogea huku, Mama. Hapo jua litakupiga."

Nikasikia benchi likilia, na mkoba ukiwekwa chini. Msajili akarudia swali lake, maana sikuwa nimejibu: je, nimekubali?

Nikasema nimekubali, kwa sauti ya kufika benchi la nyuma.