Jibu Nitalitoa Nikitoka Izmir

"Mtu anangoja jibu, Badria. Si adabu kumsimamisha mtu mzima mlangoni, hakaribishwi wala hafukuzwi."

Badria aliendelea kukunja sare zake. Alikuwa ametoka kazini, kliniki ya wagonjwa wa figo, na miguu ilikuwa ikimuuma.

"Nitamjibu, mama."

"Lini?"

"Nikitoka safari."

"Safari ya wapi tena?"

"Izmir."

Mama yake akakiweka chini kikombe cha kahawa. Jina la mji ule halikuwa limetajwa katika nyumba yao ya Alief, mtaa wa Houston, tangu Badria alipoachika.

"Kule Uturuki? Kule ulikokwenda na Azizi?"

"Kule kule."

"Unakwenda kutafuta nini?"

"Sijui, mama. Napaota tu. Nikishapaona, nitarudi nimjibu Swafwani."

Swafwani alikuwa mtu wa Lamu, mgane, mwenye duka la vitambaa na udi hapo hapo Alief. Mtaratibu, hana makuu. Alikuwa amemposa Badria kwa heshima zote, na hakuna aliyeweza kumtia dosari, hata Badria mwenyewe. Ndiyo maana jibu lilikuwa gumu.

Mama akanywa funda moja la kahawa, akafikiri.

"Basi tunakwenda sote," akasema. "Nami nikauone huo mji uliokutia wazimu."

* * *

Walifika Izmir mwanzo wa Oktoba. Jua lilikuwa bado na nguvu, lakini alasiri upepo uliingia kutoka baharini ukapoza kila kitu. Badria alimpeleka mama yake pwani, pale penye ukanda mrefu wa nyasi uliofuatana na ukuta wa bahari, watu wamejilaza, wengine wanatafuna mbegu za alizeti, vijana wanapiga gitaa, paka wanapita kati yao kama wenye mji.

"Watu hawa hawana shifti?" mama akauliza.

"Wanazo. Wanatoka, wanakuja hapa."

"Houston mtu akitoka kazini anaingia garini, akitoka garini anaingia kitandani."

Badria akacheka. Alikuwa amesahau kwamba mama yake anaweza kuchekesha.

Kila walipopita, kumbukumbu zilimjia. Walipanda feri ya kuvuka ghuba, akamwonyesha mama yake ndege wa baharini walioifuata feri kwa ajili ya vipande vya mkate wa ufuta. "Azizi aliwarushia mkate wake wote," alisema, "kisha akaja kunilia wangu." Walipita sokoni, penye vichochoro vya viungo na dhahabu. "Hapa Azizi alijaribu kusema ahsante kwa Kituruki. Mwenye duka akamjibu bei." Walitafuta mkahawa ambapo yeye na Azizi walikuwa wakinywa chai kila jioni, wakakuta sasa panauzwa simu. Badria alisimama mbele ya kioo akitazama ndani, mpaka muuzaji akatoka kumuuliza anataka simu gani.

Walikuwa na siku kumi tu katika mji ule, yeye na Azizi, mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Hawakuzuru mambo makubwa. Walitembea, wakala, wakalala mchana kama watoto. Waliporudi Texas, Azizi akapata kazi ya kuendesha mabasi ya abiria katika uwanja wa ndege wa Dallas. Akahamia Irving, karibu na uwanja huo, akamtaka mkewe amfuate. Badria akamwambia angoje, mama yake anafanyiwa upasuaji wa goti. Azizi akangoja. Goti likapona, mama akaanza kulalamika kifua. Azizi akachoka kungoja. Siku moja wakagombana kwenye simu, maneno yakapanda, naye akatamka talaka. Talaka moja, ambayo kwayo mume anaweza kumrejea mkewe kabla eda haijaisha. Badria alikaa eda yote akiutazama mlango. Ikaisha. Miaka mitatu ikapita.

Jioni ya nne waliketi kwenye benchi kando ya bahari, wakinywa chai katika vigilasi vyembamba kiunoni. Jua lilikuwa bado juu ya vilima vya ng'ambo.

"Ulimpenda," mama akasema. Hakuwa anauliza.

"Nilimpenda. Na wallahi, mama, sikumkasirikia kwa talaka. Hasira ni hasira. Kilichoniua ni kwamba hakuja. Angekuja hata mara moja akagonga, ningefungua. Ningefunga nguo zangu siku hiyo hiyo."

Mama alikizungusha kigilasi mkononi mpaka chai ikapoa.

"Alikuja," akasema.

"Nani?"

"Azizi. Alikuja Alief, mwanangu. Eda ilikuwa haijaisha. Wewe ulikuwa kazini."

Badria aligeuka kumtazama.

"Alikuja kunirejea?"

"Alikuja kukurejea. Alileta na maua, masikini, hajui hata kuyashika. Nikamwambia umesema hutaki kumwona. Nikamwambia akikuheshimu, asipige simu wala asirudi."

"Mama."

"Baba yako alikuwa ameshatutoka. Nikafikiri, huyu akimchukua, mimi nitabaki na televisheni. Kila siku nikasema kesho nitamwambia. Kesho ikawa miaka."

Badria akasimama. Aliondoka akifuata ukuta wa bahari, akapita watu na baiskeli na wauza mahindi, akatembea mpaka benchi ile haionekani tena. Alilia akitembea, na watu wa mji ule wakampisha bila kumkodolea macho. Alifikiri asirudi kabisa. Kisha akakumbuka kwamba mama yake hajui jina la hoteli wala njia ya kufika.

Alimkuta pale pale, mkoba magotini.

"Twende," Badria akasema. "Lakini usiniongeleshe."

* * *

Walikaa kimya usiku ule na asubuhi yote iliyofuata. Alasiri, Badria alimkuta mama yake barazani pa hoteli, simu mkononi, miwani puani.

"Texas saa hii ni asubuhi?" mama akauliza.

"Ndiyo. Unampigia nani?"

"Aliyefunga mlango ndiye afungue. Kaa hapo usikie."

"Mama, labda ameoa."

"Akiwa ameoa, nitamwomba radhi na mkewe."

Simu ikaita. Sauti ya Azizi ikatoka, na nyuma yake mngurumo wa ndege.

"Asalaam alaykum, mama. Kuna msiba?"

"Waalaykum salaam. Hakuna msiba, baba. Ni mimi niliyekukosea." Akamweleza yote, bila kujitetea, bila kutaja televisheni. "Badria hakujua kwamba ulikuja. Hajawahi kusema hataki kukuona. Nilisema mimi."

Badria alidhani simu imekatika.

"Mama," Azizi akasema hatimaye, "nilikaa garini mbele ya nyumba yenu siku ile mpaka majirani wakaanza kunichungulia. Nilidhani labda atatoka."

"Najua. Nilikuona dirishani."

"Mungu akusamehe. Mimi nitajaribu."

"Badria yuko hapa. Zungumza naye."

"La. Kwa simu sizungumzi naye. Tuliharibu kwa simu." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Mko wapi?"

"Izmir."

Azizi akavuta pumzi.

"Mtapitia wapi mkirudi?"

"Dallas, kisha Houston," Badria akasema kwa sauti ambayo hakuitegemea.

Simu ilikatwa. Baadaye, walipokuwa wakila, ujumbe ukaingia:

"Nitumie namba ya ndege. Siahidi kitu. Nataka tu kukusikia ukiwa mbele yangu."

* * *

Kabla ya kupanda ndege, Badria alimpigia Swafwani.

"Nilikuahidi jibu," akasema.

"Sauti yako imeshanijibu. Ni yule wa Irving?"

"Ni yeye."

"Amekwambia atakurudia?"

"Hajaniahidi chochote."

"Na bado wanikataa?"

"Nikikukubali leo, utaoa mtu anayeangalia mlango. Hustahili hivyo, Swafwani. Wewe ni mtu mwema."

Swafwani alikohoa kidogo. "Mtu mwema," akasema. "Haya. Mwambie mama ule udi alioagiza umefika. Aje auchukue wakati wowote, asione haya."

Badria alilia zaidi kwa maneno hayo kuliko kama angetukanwa.

* * *

Azizi alikuwa amesimama nje ya forodha, katika fulana yake ya kazi ya rangi ya chungwa, mikono mfukoni. Mama alimwona kwanza. Akamsalimia, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, kisha akajitenga akaketi mbali nao, mgongo amewapa.

"Umekonda," Azizi akasema.

"Nawe umeota mvi."

"Ni kazi. Kwa nini hukunipigia, Badria?"

"Kwa nini hukurudi mara ya pili?"

Abiria waliwapita na masanduku yao.

"Nilijiona mwenye heshima kwa kukaa mbali," Azizi akasema. "Kumbe nilikuwa mwoga."

"Nami nilijiona mwenye subira. Kumbe kiburi."

"Siwezi kukurudisha nyuma tulikokuwa. Mimi si kijana yule wa kurushia ndege mkate."

"Hata mimi nilipafuata nikapakosa. Mkahawa wetu umekuwa duka la simu."

Azizi akacheka, bila kutaka. Kisha uso wake ukabadilika, akaufunika kwa kiganja. Badria akamsogelea mpaka fulana ile ya kazi ikamgusa shavu.

"Eda ilishaisha," Azizi akasema taratibu. "Siwezi kukurejea. Nitalazimika kukuposa upya."

"Basi nipose."

"Nikupose kwa nani?"

Badria akamtazama mama yake aliyekuwa amewapa mgongo, anajifanya anasoma tangazo la mizigo.

"Kwa yule pale," akasema. "Mara hii atakuambia ukweli."

* * *

Nikaha ilifungwa Alief, sebuleni, baada ya sala ya adhuhuri. Ami yake Badria, aliyeko Mombasa, alimfanya sheikh kuwa wakili wake. Mama alipika biriani mwenyewe, na asubuhi ile alikuwa amezifunga nguo za binti yake masandukuni, akakataa kusaidiwa.

"Na wewe mama, utakaa na nani?" Badria akauliza walipokuwa wakipakia gari.

"Nimejiandikisha darasa la kina mama msikitini. Tena Irving si Makka, nitakuja." Akasukuma buti la gari mpaka likafungika. "Nendeni kabla ya foleni."

Akawapungia mkono mpaka wakapinda kona.

Mvua iliwakuta njiani, Azizi akapunguza mwendo. Walizungumza safari nzima: juu ya baba yake Badria, juu ya chumba cha Irving kisicho na pazia, juu ya siku ambazo kila mmoja alizipitia peke yake bila kumwambia mwenzake. Walipofika Irving mazungumzo hayakuwa yamekwisha. Azizi akazima injini, na wakakaa hapo hapo mbele ya nyumba, mvua ikipiga juu ya paa la gari, wakaendelea kuzungumza.