Ndoo ya Njano

Mimi naitwa Aurélie, na nina mdomo. Karuba nzima, kijiji chetu, inajua hilo. Darasani Mwalimu Damien akiuliza swali, mkono wangu uko juu kabla hajamaliza. Nyumbani Mama husema nikianza kusimulia habari, maharage yanaiva na yanaungua. Basi nisikilizeni vizuri, kwa sababu hii ni habari ya siku ambayo mdomo huu ulijifunga.

Tuna ng'ombe watatu. Asubuhi Papa hukamua, mimi nashika ndama asisumbue, na mdogo wangu Ngabo, mwenye miaka mitano, anasimama pembeni na kikombe chake cha bati kama mtu anayedai haki yake. Kisha Papa Straton, mchukuzi wa maziwa, anapita na madumu yake, anachukua maziwa, anayapeleka kwenye kiwanda kidogo cha jibini. Sisi tunabakiwa na ya nyumbani, na Koko Uwamariya ndiye anayegawa. Koko ni mama yake Papa. Alikuwa mama yake Papa, niseme hivyo.

Kila baada ya wiki mbili tunapulizia ng'ombe dawa ya kupe. Kazi hiyo ilikuwa yangu tangu nilipofikisha miaka kumi na moja, na niliipenda, kwa sababu wasichana wengine hawakuruhusiwa kushika pompe, bomba la kupulizia. Dawa Papa aliinunua sokoni Mushaki. Hakuna mtu kwetu aliyenunua chupa nzima. Unakwenda na chupa yako ndogo, muuzaji anakumiminia kiasi unachotaka, unarudi nyumbani. Chupa yetu ilikuwa ya zamani ya dawa ya kikohozi. Haikuandikwa kitu. Kipimo kilikuwa kifuniko kimoja kwa ndoo moja ya maji, lakini mwezi ule kupe walikuwa wamezidi, na Papa aliniambia niweke vifuniko vitatu.

Wiki hiyohiyo Mwalimu Damien alikuwa ametufundisha juu ya dawa za shambani na za mifugo. Aliandika ubaoni: chombo cha dawa kisiwe chombo cha chakula, hata kikioshwa. Nilinakili sentensi ile kwa kalamu nyekundu na kupiga mstari chini yake. Kwenye jaribio nilipata kumi kwa kumi. Daftari ninalo mpaka leo.

Ijumaa mchana, Papa aliniachia chupa na pompe, akaenda kutengeneza uzio. Ndoo ya dawa, ile ya bluu, ilikuwa imeazimwa na jirani yetu, Papa Niyonsenga, anayekaa kule chini bondeni. Kwenda na kurudi ni nusu saa, na kupanda kwake kunakata miguu. Nami nilikuwa na mazoezi ya kwaya saa tisa. Nilikuwa nimepewa kuimba peke yangu, kwa mara ya kwanza, na nilishaona jinsi watu watakavyonitazama. Nikaangalia huku na huku. Ndoo ya njano, ya kukamulia, ilikuwa imegeuzwa kifudifudi kando ya ukuta, safi.

Nikachanganyia dawa humo.

Nilipomaliza kupulizia, niliisuuza kwa maji kidogo yaliyobaki kwenye bidoni, dumu letu la maji, nikaigeuza palepale ilipokuwa, nikakimbia kanisani. Niliimba vizuri sana. Hilo nalo nalikumbuka, na linaniuma.

Jumamosi walimu walikuwa na mkutano, hatukwenda shule. Papa alikamua mapema, gizagiza bado, akashuka Mushaki na magunia ya viazi. Mama alikuwa ameshakwenda kwenye maharage. Papa Straton alipofika, aliinama juu ya ndoo ya njano, akanusa, akajikuna kidevu.

"Mama Mukubwa, hii maziwa iko nanuka dawa sana," alimwambia Koko. "Mulipulizia jana?"

"Ndiyo, njo jana."

"Basi sichukui. Hata sisi hatutaiweka mu jibini. Muimwage tu."

Papa Straton akaondoka. Koko akamtazama mpaka alipopinda njia, kisha akacheka kidogo. Kwetu maziwa hayamwagwi. Wazee wanasema ukiyamwaga chini, ng'ombe wako atakauka. Kila tukipulizia dawa, yule wa jibini huyakataa, na sisi huyanywa. Tangu nizaliwe ilikuwa hivyo, na hakuna aliyewahi kuumwa.

Lakini safari hii mimi nilijua kitu ambacho Koko hakukijua. Nilisogea, nikaona kwenye ukingo wa ndoo utando mweupe ambao haukuwa wa maziwa. Harufu ilinipanda puani.

"Koko, inanuka kweli," nilisema.

"Inanuka, tumeshasikia. Mimi nimekunywa ya kunuka tangu wakati wa baba yako kutambaa."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Maneno yenyewe yalikuwa machache: nilichanganyia dawa humu. Lakini niliona mbele yangu Papa akirudi, nikaona pompe ikinyang'anywa, nikaona daftari langu na ule mstari mwekundu. Nikanyamaza. Koko alimpa Ngabo kikombe chake. Akanipa changu.

"Mimi tumbo linauma, Koko."

"Masikini. Basi lete, nitakunywa ya kwako. Haiwezi kupotea hivi hivi."

Akanywa chake, kisha akanywa changu, huku ananitazama kwa huruma kwa sababu ya tumbo langu lisilouma.

Haikupita saa moja. Ngabo alikuwa anacheza na ndama, akakaa chini. Mate yakaanza kumtoka, mengi, yakalowesha shati. Akatapika. Mwili ulikuwa unatetemeka na jasho linamtoka, na Karuba asubuhi ni baridi. Koko aliniambia nikimbie kumwita Mama, nami nilikimbia nikianguka na kuinuka.

Mama alitupa jembe. "Mutoto amekula nini?"

"Sijui, Mama. Pengine matunda mabichi."

Huo ndio uongo wangu. Hata leo siwezi kutazama matunda mabichi mtini.

Majirani walileta kipoyi, ile machela yetu ya miti na blanketi ambayo kila kijiji kinayo kwa ajili ya wagonjwa. Wanaume wanne walimbeba Ngabo mabegani, ingawa alikuwa mwepesi kiasi ambacho mmoja angetosha. Koko alikuwa ameegemea ukuta, kitambaa cha kichwa kimelowa jasho.

"Na weye, Mama, uko muzima?" Papa Niyonsenga alimwuliza.

"Mimi nimechoka tu na woga. Mubebe mutoto. Mwende."

Nilimwona. Nilimwona anavyofuta mdomo kwa upande wa kitenge, mara moja, mara mbili. Nikafuata kipoyi.

Njia ya kwenda kituo cha afya ilikuwa matope matupu kwa mvua ya usiku. Tulitembea zaidi ya saa moja. Njia nzima Mama alikuwa anaita jina la Ngabo tu.

Muuguzi, Mama Emérence, alituuliza mtoto amekula nini, na Mama akajibu matunda. Akachukua tochi ndogo akamfunua Ngabo macho. Mboni zilikuwa zimekuwa ndogo kama mbegu ya uwele. Mama Emérence akaweka tochi chini.

"Hii haiko matunda," alisema polepole. "Huyu mutoto ameingiza dawa mu mwili. Ya mimea ao ya ng'ombe. Nani anajua? Nisipojua mapema nitatibu kitu ingine, na yeye atakwenda."

Watu wakatazamana. Mama akaanza kulia bila sauti. Ngabo alikuwa anavuta pumzi kama mtu aliyezama majini, na kila pumzi nilidhani ndiyo ya mwisho.

"Ni mimi," nilisema. "Nilichanganya dawa ya kupe kwenye ndoo ya maziwa. Sikuiosha vizuri. Alikunywa asubuhi."

Hakuna aliyenipiga. Hakuna hata aliyenitazama. Mama Emérence alivaa mipira ya mikono, akamvua Ngabo nguo zote, akaagiza aoshwe kwa sabuni, akavuta sindano ya kwanza. Ndipo akauliza, mgongo wake ukiwa kwangu:

"Na nani mwingine alikunywa?"

Nilisogea mpaka kwenye kitanda cha Ngabo.

"Koko. Alikunywa yake, na ya kwangu."

Papa Niyonsenga, mmoja wa wale wabebaji, hakungoja. Alisimamisha pikipiki barabarani, akapanda nyuma, yeye na dereva wakapotea kwenye matope. Mimi nilikaa kwenye benchi, nikihesabu: saa moja ya njia, na muda wote ule tuliosema matunda, matunda.

Walimkuta Koko mlangoni, amelala ubavu kama mtu aliyepumzika. Alikuwa ameshaosha vikombe vitatu na kuvianika. Ndoo ya njano alikuwa ameigeuza kifudifudi kando ya ukuta, mahali pake.

Tulimzika Jumapili jioni. Kwaya iliimba, na mimi sikuimba. Ngabo alikuwa bado kituoni na hakujua, na alipotoka baada ya siku sita, kitu cha kwanza alichotafuta kilikuwa mapaja ya Koko. Tulimwambia. Akauliza nani sasa atakuwa anagawa maziwa, na Mama akaingia ndani.

Papa hakuzungumza nami kwa siku nyingi. Nilidhani ni hasira. Jioni moja aliniita nyuma ya zizi, akaniweka karibu naye juu ya gogo. Mikononi alikuwa na ile chupa ya dawa ya kikohozi.

"Aurélie, nilikuwa natafuta maneno. Unafikiri ni weye uliua mama yangu?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Weye ulikosea ndoo, na ulinyamaza. Hiyo ni yako, sitakuondolea. Lakini sikia na ya kwangu. Mimi njo nilileta dawa mu chupa bila jina. Mimi njo nilisema vifuniko vitatu, kwa kichwa yangu tu. Mimi njo niliacha mutoto na pompe, bila kitu ya kufunika mikono. Na sisi wote tulikuwa tunakunywa ile maziwa kila mara, tunasema hatujakufa. Tulikuwa tunangoja tu."

Alilia. Sikuwahi kumwona Papa akilia, hata makaburini.

Zamu ya kupulizia ilipofika tena, mambo yalikuwa mengine. Ndoo ya njano Papa aliipasua, akaitupa katika shimo refu mbali na chemchemi. Ya bluu aliipaka alama nyekundu, ikatundikwa nje kwenye msumari wake, na hakuna jirani anayeiazima pasipo kuirudisha siku ileile. Dawa alinunua chupa nzima pamoja na Papa Niyonsenga, yenye karatasi yake ya maelezo. Mwalimu Damien alikuja kutusomea: kipimo, na siku ambazo maziwa hayapaswi kunywewa. Papa alipulizia mwenyewe, amevaa mipira ya mikono, buti, na kitambaa usoni, akisimama upande upepo unakotoka. Alipomaliza akaoga kwa sabuni. Kazi ile si ya watoto tena nyumbani kwetu.

Kesho yake asubuhi alikamua. Majirani walikuwa wamesimama kwenye uzio, kwa sababu Karuba habari hazilali. Papa alibeba ndoo mpya mpaka ukingoni mwa zizi, akashusha pumzi, akaiinamisha. Maziwa yote yakaingia mchangani. Mama mmoja mzee alijishika kichwa.

Ngabo alikuwa na kikombe chake cha bati. "Papa, ng'ombe haitakauka?"

"Ikikauka, itazaa tena na tutakamua," Papa alisema. "Mama yangu hatarudi."

Kisha akanigeukia, mbele ya watu wote.

"Na weye, siku utaona kosa, yako ao ya mukubwa, sema saa ileile. Nitakasirika. Mama yako atakasirika. Hasira inaisha. Sema tu."

"Ndiyo, Papa," nilisema, na nilisema kwa sauti, ili wote wasikie.

Ngabo akageuza kikombe chake kitupu chini juu, akakiweka kwenye jiwe ambapo Koko alizoea kukaa.